Leseni ya kubadilishwa au ya mtihani? Hesabu ya dereva wa lori anayeitazama Ulaya

Mwambie dereva aliyeteremka mlima Kitonga na shaba ya Zambia mgongoni kwamba akifika Ujerumani ataanza na mtihani wa gari dogo, uone atakavyokutazama. Huyu ni mtu ambaye sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu kuvuta hadi tani 56, wakati kikomo cha kawaida cha barabara za Ujerumani ni tani 40. Ameshalala foleni mpakani, ameshabadilisha tairi gizani na utingo wake, ameshapishana na mabasi usiku kwenye barabara isiyo na mstari. Halafu karani ambaye pengine hajawahi hata kupanda kichwa cha lori anamwambia leseni yake haina kazi pale.

Hasira hiyo naielewa. Ila naona ubishi wa kama leseni zetu zina thamani au hazina umetupotezea muda, kwa sababu unafunika swali zito zaidi: karatasi utakayokabidhiwa mwishoni itakuwa ya nani, na itakufikisha wapi?

Tuchukue Ujerumani kwanza. Kanuni zao za leseni zina Kiambatisho cha 11, orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa kwa masharti mepesi. Afrika Kusini na Namibia zimo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Anayetoka nje ya orodha anaruhusiwa kutumia leseni ya kwao kwa miezi sita tangu aanze kuishi huko, kisha inakwisha nguvu. Kuipata ya Kijerumani hadaiwi idadi ya masomo kama mwanafunzi mpya, lakini mtihani ni wote: nadharia na vitendo, daraja B, kisha C, kisha CE ya kuvuta tela. Juu yake kuna kipimo cha macho, cheti cha daktari na kozi ya huduma ya kwanza. Na ile nafuu ya kutodaiwa masomo ni ndogo kuliko inavyosikika, maana siku ya mtihani wa vitendo lazima mwalimu wa udereva awe ndani ya gari, na gari lenyewe huwa la shule. Hakuna shule itakayokukodisha lori lake bila kukuona ukiliendesha kwanza, na kila saa inalipiwa.

Nadharia unaweza kuifanya kwa lugha kumi na mbili za kigeni, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zikiwemo. Mkenya na Mkongomani wana pa kushika. Lakini kwenye vitendo mtahini huzungumza Kijerumani.

Wanaopinga utaratibu huu wana hoja ninayoiheshimu kuliko ile ya heshima na uzoefu. Wanasema: mnadai hatujui kuendesha upande wa kulia, kumbe dereva wa Dar anayepeleka mafuta Kigali huhama upande pale mpakani Rusumo kila safari, na anayevuka Kasumbalesa kwenda Lubumbashi vivyo hivyo. Ni kweli kabisa. Madereva wachache wa Ulaya wamezoea kuhama upande kama hao, ukiacha wanaovuka kwenda Uingereza.

Lakini tuitazame safari hiyo ya Kigali kwa karibu. Lori ni lile lile la usukani wa kulia. Likishaingia Rwanda, dereva anakaa upande wa ukingo wa barabara. Mtaro anauona, mwenda kwa miguu anamwona, baiskeli iko chini ya dirisha lake. Shida yake ni kulipita gari la mbele, kwa sababu hapo hana macho. Ujerumani mambo yamegeuka: usukani uko kushoto, na ukingo wenye watu na baiskeli uko upande wa mbali, kulia, ambako kichwa kirefu cha lori kinaficha mita kadhaa za ardhi. Vifo vya waendesha baiskeli wanaogongwa na malori yanayokata kulia ni kidonda cha miaka mingi huko, kiasi kwamba tangu 2020 sheria inalitaka lori la zaidi ya tani 3.5 linalokata kulia mjini litembee kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, pale ambapo baiskeli zinaweza kuwepo. Kuhamia upande mwingine wa barabara hakumfundishi mtu jambo hilo. Jicho lililozoea kioo kimoja kwa miaka kumi na tano linahitaji kufundishwa kioo kingine, na mtahini anatazama hilo hilo.

Kuna pia takografu, kifaa cha ndani ya lori kinachorekodi saa za kuendesha na kupumzika. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 561 ya 2006, dereva haendeshi zaidi ya saa 9 kwa siku, au 10 mara mbili kwa wiki. Baada ya saa nne na nusu anapumzika dakika 45. Kwa majuma mawili mfululizo hazidishi saa 90. Yote yanaandikwa kwenye kadi yake, na askari akiichomeka anaona siku zake zilizopita. Kwetu dereva anasifiwa kwa kuwahi kufika. Kule sifa hiyo hiyo inaweza kumletea faini, yeye na tajiri wake.

Jambo la tatu huwa tunalisema kwa sauti ya chini. Kila anayefanya kazi ya barabara anamjua mtu aliyepandishwa daraja bila kukalia usukani mbele ya mtahini. Waliosotea leseni zao, wakapita vyuo vya NIT au VETA, wanabeba mzigo wa hao wengine, kwa sababu mgeni anayeisoma kadi hana namna ya kujua ipi ilisotewa na ipi ilinunuliwa. Hata madaraja yenyewe hayasomeki kirahisi. Dereva wa malori Tanzania ana daraja E. Ulaya herufi E hubandikwa kwenye daraja jingine kuonyesha tela. Kenya imeshapanga madaraja yake yakaribiane na ya Ulaya, ina CE yake, jambo linalomrahisishia karani kazi ingawa halimwondolei dereva mtihani.

Kwa hiyo mtihani siuoni kuwa dhuluma. Kinachoniudhi ni kwamba wenye haraka ya madereva wanautaja kama kikwazo cha ofisini tu. IRU, umoja wa wasafirishaji wa barabarani, ulisema Ulaya ilikuwa na nafasi zaidi ya 400,000 za udereva zisizojazwa mwaka 2024. Lakini IRU ni sauti ya waajiri. Vyama vya wafanyakazi vya Ulaya, vikiongozwa na ETF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafiri, vimejibu mara nyingi kwamba kinachokosekana ni mishahara na hali nzuri za kazi, kwani wenye leseni waliokwishaiacha kazi hiyo wapo. Anayetoka Mombasa au Mbeya ayasikie yote mawili kabla hajauza shamba.

Sasa njia ya mkato, ambayo mawakala wanaipenda: Poland. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani mwaka 2009, na kwa miaka mingi sheria ya Poland imekuwa ikibadilisha leseni za nchi wanachama wa mkataba huo bila kumrudisha mtu kwenye mtihani wa nadharia. Unatafsiri leseni kwa mtafsiri aliyeapishwa, unathibitisha ukaazi, unapeleka ofisi ya wilaya, unasubiri. Ukilinganisha na Ujerumani, ni kama kupita geti lililoachwa wazi. Wakala hasemi uwongo akikuambia utapata leseni ya Ulaya.

Anachoacha kusema kimeandikwa kwenye kadi yenyewe, upande wa nyuma, kwa tarakimu ndogo: 70. Alama hiyo inamaanisha leseni ilitokana na kubadilishwa, na ikiwa ya asili ilitoka nje ya Umoja wa Ulaya, nchi hiyo inatajwa kando yake. Kwa Direktivu (agizo la Umoja wa Ulaya) ya leseni ya mwaka 2006, ukihamishia makazi nchi nyingine ya Umoja, nchi hiyo mpya hailazimiki kuitambua. Kuendesha kupita Ujerumani, Ufaransa au Uholanzi kwa ajili ya mwajiri wa Poland, sawa. Kuhamia Ujerumani ukaajiriwa na tajiri wa hapo, unaweza kurudishwa mwanzo kabisa, kwenye ule mtihani wa gari dogo. Na ile leseni yako ya Kenya uliisalimisha siku ulipobadilisha. Ndilo sharti la Direktivu hiyo. Aliyefanya mtihani Ujerumani hana alama hiyo. Kadi yake inatambuliwa kokote atakakohamia ndani ya Umoja.

Leseni peke yake pia haitoshi kubeba mizigo ya wateja. Lazima uwe na namba 95, yaani sifa ya udereva wa kitaalamu: saa 280 za mafunzo ya awali, au 140 kwa njia ya haraka, kisha saa 35 kila miaka mitano. Hiyo ni yako. Lakini dereva asiye raia wa Umoja, kama hana ukaazi wa muda mrefu, akivuka mipaka kwa mwajiri wa Ulaya hutakiwa kuwa na hati nyingine ya dereva, chini ya kanuni Na. 1072 ya 2009, na kanuni hiyo inasema wazi kwamba hati ni mali ya msafirishaji. Yeye ndiye anayekupa uitumie. Ukigombana naye, hati inabaki kwake, na kibali cha ukaazi mara nyingi kimefungwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Ukiziweka karatasi hizo mezani pamoja, yaliyotokea Gräfenhausen mwaka 2023 hayashangazi. Kwenye kituo hicho cha mapumziko kando ya barabara kuu ya A5, karibu na Darmstadt, madereva zaidi ya sitini, wengi kutoka Georgia na Uzbekistan, waliegesha malori wakakataa kuondoka hadi walipwe. Mwajiri alikuwa Poland, kazi ikifanyika Magharibi. Ijumaa Kuu mwenye kampuni alifika na walinzi wa kukodi na gari la deraya kuyachukua malori yake. Polisi wa Ujerumani wakaingilia. Mwishoni mwa Aprili walilipwa, takriban euro 300,000 kwa jumla. Julai kundi jingine likagoma pale pale, na baadhi wakafikia kususia chakula. Wote hao walikuwa wameshavuka kizingiti cha leseni, na siku ya kudai mshahara leseni haikuwasaidia kitu.

Je, basi kila mtu apande ndege ya Ujerumani? Hapana, na hapa ndipo wanaotetea njia ndefu hujisahau. Sheria ya Ujerumani inatoa kibali cha hadi miezi 15 cha kukaa huku ukitafuta leseni na sifa, lakini lazima uwe umeshaahidiwa kazi ya udereva. Miezi hiyo yote uko mikononi mwa mwajiri mmoja, na muda ukiisha hujafaulu, safari imeishia hapo. Kijana wa miaka 27 mwenye Kidato cha Nne na miezi ya Kijerumani kichwani anaweza. Mtu wa miaka 48 ambaye watoto wake wako sekondari, na ambaye mara ya mwisho kukaa darasani ilikuwa zamani, akichagua Poland kwa mkataba wa miaka mitatu akijua hatahama, simwoni mjinga. Amenunua kitu kidogo kwa bei ndogo. Tatizo ni kuuziwa hicho kidogo kwa bei ya kikubwa, na mawakala wanaofanya hivyo ni wengi.

Serikali nazo zimesaidia kuchanganya watu. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo. Habari za nafasi 250,000 zikaenea, hadi Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikatoka kusema makubaliano hayana idadi yoyote. Kilichoonekana kwa macho siku zile kilikuwa madereva watano wa basi waliopokelewa Flensburg kwa majaribio. Kenya haikuingizwa kwenye Kiambatisho cha 11. Kuingia humo ni kazi ya kuchosha isiyo na picha za kupeana mikono: kuonyesha mitihani yetu inafanywaje, nani anaisimamia, na ofisi ya Ujerumani itahakikije kadi moja iliyotolewa Nakuru au Mwanza. Mwanadiplomasia anayetaka kuwasaidia madereva angeanzia hapo.

Kabla hilo halijatokea, mwenye mkataba mkononi aangalie kwanza kifungu cha gharama za mafunzo. Kuna mikataba inayosema mwajiri analipia shule na mtihani, na ukiacha kazi mapema unarudisha. Kama deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi hadi liishe, hilo ni la kawaida. Kama linabaki kamili hadi siku ya mwisho, au limeandikwa kwa lugha ambayo wakala pekee ndiye aliyekutafsiria, tafuta mtu mwingine akusomee kabla hujaweka saini.