Kiatu kikilala nje ya hema, msiniambie ni bahati mbaya

Tumerudi kutoka kambini wiki iliyopita na hasira haijanitoka. Asubuhi ya pili mtoto wa rafiki yetu, miaka sita, kaingiza mguu kwenye kiatu kilicholala nje ya hema, kapiga yowe, kumbe nge kajibanza kule mbele kwenye vidole. Watu wazima wakaanza ooh, porini ni porini, bahati mbaya tu. Hapana jamani. Bahati mbaya gani na viatu tumeviacha nje wenyewe?

Nge anazunguka usiku kuwinda wadudu, kukikaribia kucha anatafuta mahali penye giza na pabana. Sasa kiatu ni nini kama si hicho? Na taulo lililoachwa chini, na begi lililo wazi, na rundo la kuni. Viatu viingie ndani ya hema, tena kwenye mfuko uliofungwa, na asubuhi unavigeuza mdomo chini unagonga soli kwa soli mara kadhaa, sio unachungulia kwa kidole. Na zipu ifungwe mpaka mwisho hata kama unatoka kukojoa dakika mbili, maana nge ni bapa, kale kauwazi unakoacha pembeni kanamtosha.

Usiku usitembee pekupeku. Kuni usizikumbatie, zigeuze kwanza kwa fimbo.

Tochi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau, nunueni, nawaomba. Nge akimulikwa nayo anang'aa kijani cha kuingia bluu. Mara ya kwanza kuitumia nilikuwa nimekaa pekupeku nikiamini pale ni pasafi kama sebuleni, nikamulika, huyo hapo ubavuni mwa jiwe, mkia kaulaza pembeni, hatua tatu kutoka kwenye vidole vyangu. Niliduwaa. Ila aliyetoka kujivua gamba hang'ai vizuri, kwa hiyo viatu bado utakung'uta.

Haya, nakubali, spishi za nge zinapita 2,000 na zinazoweza kuua mtu ni chache sana, mtu mzima mara nyingi ataumia tu basi. Lakini mtoto mwili wake mdogo na sumu ni ile ile! Na pale kuna mtu alishatoa wembe achanje, mwingine anatafuta kamba ya kufunga mguu. Msifanye hivyo. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, mtulize, na mtoto apelekwe hospitali hapo hapo, usingoje mpaka uone mate yanamtoka, macho yanazunguka, misuli inarukaruka au anapumua kwa shida.

Wetu tulimpeleka, akalala huko usiku mmoja chini ya uangalizi, akapona. Jana nimempigia baba yake, ananiambia mtoto sasa anakung'uta hata viatu vinavyotoka kabatini, na vya mama yake pia.