Moyo wa mtoto: kisu cha Muhimbili au sindano ya zahanati?

Timu ya madaktari kutoka nje ikitua Dar es Salaam kufanya upasuaji na wenzao wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) iliyoko Muhimbili, magazeti hayakosi habari. Watoto kadhaa wamepasuliwa, mama mmoja anashukuru huku akifuta machozi, na serikali imeokoa fedha ambazo zingewapeleka India. Muuguzi wa zahanati anayemdunga mtoto penisilini hapigwi picha. Hata hivyo hawa wawili wanapigana na ugonjwa uleule, na watu wa afya wamebishana miaka mingi shilingi iende kwa nani kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni ule wa milango ya moyo, yaani valvu, kuharibiwa na homa ya baridi yabisi. Chanzo chake ni koo. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi ipasavyo, na wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia maungio na moyo. Magoti yaliyovimba hupoa. Valvu hubaki na makovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu, mpaka binti wa miaka kumi na tano anashindwa kupanda kilima na ndoo ya maji. Kwetu koo la mtoto likiuma anasukutuliwa maji ya chumvi, ananunuliwa vidonge nusu dozi dukani, au anapelekwa kwa mkata kimeo. Kimeo kikishakatwa, nani atauliza tena habari za bakteria?

Wanaotetea sindano wana hoja nzito. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Mkoa wa Pinar del Río nchini Cuba uliendesha mpango wa miaka kumi, 1986 hadi 1996, wa kuelimisha watu, kutibu makoo na kuwafuatilia wagonjwa kwa daftari, na homa hiyo ikapungua sana. Karibu zaidi na sisi, watafiti nchini Uganda waliwapima watoto kwa mashine ya eko, inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kuwapata 818 wenye dalili za mwanzo ambazo wao wenyewe hawakuzihisi. Nusu walidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Katika waliodungwa, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, kwa wasiodungwa, asilimia 8.2.

Lakini takwimu hizo tuzisome na upande wa pili. Zaidi ya watoto tisa katika kumi ambao hawakudungwa hawakuzidiwa ndani ya miaka hiyo miwili. Ukipiga hesabu, unahitaji kuwadunga watoto kama 14 ili ugonjwa wa mmoja wao usisonge mbele, na kila mmoja atachomwa mara 26 hivi. Hizo ni sindano zaidi ya 350. Na hii si sindano ya mchezo: unga unachanganywa na maji, dawa inakuwa nzito kiasi cha kuziba sindano, inaingia polepole kwenye nyama ya tako, na mtoto anatoka akichechemea. Mwezi ujao ukimwambia twende tena, jiandae kumkimbiza. Dawa nayo huadimika mara kwa mara, maana viwanda duniani havina hamu kubwa na bidhaa isiyo na faida. Tena wapo wahudumu wanaoiogopa kwa sababu ya mzio, ingawa mzio wa kuua ni nadra sana.

Kwa upande wa kisu, hoja kubwa ni kwamba wagonjwa tayari wapo. Wengi hawakumbuki hata kuumwa koo; wanafika hospitali wakiwa wamevimba miguu, hawawezi kulala chali. Ukiwahubiria kinga unawazungumzia wadogo zao. Kwa baadhi yao, valvu iliyobana inatanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Vilevile watoto wanaozaliwa na matundu kwenye moyo hawatasaidiwa na penisilini hata ukiwadunga kila siku. Tena bila taasisi kama JKCI, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, nani angewafundisha wa mikoani kusoma picha ya eko?

Hata hivyo, upasuaji huuzwa kama mwisho wa safari, na hapo ndipo ninapotofautiana na picha za magazeti. Anayewekewa valvu ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, maisha yake yote. Ikizidi anavuja damu, ikipungua damu inaganda kwenye valvu, kwa hiyo lazima apimwe damu mara kwa mara, na kiasi cha mchicha au matembele anachokula kisipande na kushuka ovyo. Akiwa binti, akiolewa na kushika mimba, dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Valvu ya mnyama haimlazimu wafarini ya maisha, lakini kwa kijana huchakaa mapema na kifua kitafunguliwa tena. Na jambo linalosahaulika: aliyepasuliwa bado anahitaji penisilini, kwa sababu shambulio jipya linaweza kuharibu valvu nyingine.

Kwa hiyo ubishi wa kisu au sindano unamgawa mtu mmoja vipande viwili. Mgonjwa aliyetoka Muhimbili na kurudi Kigoma ni wa zahanati tena, na kama zahanati haina dawa wala daftari lenye jina lake, mamilioni yaliyotumika kwenye chumba cha upasuaji yako hatarini. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya kupima shule nzimanzima kwa eko. Kila anayepasuliwa au kugundulika aandikwe kwenye daftari la taifa linalosimamiwa na taasisi ya moyo yenyewe. Zahanati iliyo karibu naye ipewe dozi zake na tarehe zake. Asipoonekana wiki ya nne, mhudumu wa afya wa kijiji apige simu au aende kugonga mlango. Wafadhili wanaopenda kulipia valvu waombwe kulipia na miaka kumi ya sindano za mwenye valvu hiyo.