Chunguza matabaka kabla ya kuilaumu apt

Imeji ya Linux uliyoiunda mwenyewe ikigoma kusakinisha kifurushi, wengi hukimbilia /etc/apt/sources.list, faili ya vyanzo ambamo apt, kisakinishi cha vifurushi, hupata anwani za kupakulia. Kwa maoni yangu huko ni kuanza na mkia. Kama mzizi wa mfumo ni squashfs (mfumo wa faili uliobanwa) isiyoandikika, na juu yake kuna overlayfs, inayounganisha matabaka ya saraka yaonekane kama moja, faili unayoisoma huenda siyo uliyoiweka kwenye imeji. Ulizia kwanza inatoka tabaka gani.

`findmnt -no OPTIONS /` itakuonyesha lowerdir (tabaka la chini, lisiloandikwa), upperdir (la juu, linalopokea mabadiliko) na workdir (saraka ya kazi ya overlayfs). Lowerdir ikiwa na saraka kadhaa, ya kushoto kabisa ndiyo ya juu. Njia hizo mara nyingi ni za wakati wa initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kifaa kinapowaka, kwa hiyo ili kuyaona matabaka yenyewe utalazimika kuyapachika mahali pengine, mfano la chini kwenye /mnt/chini. Tazama tu, usiandike.

Mchawi mkubwa ni /var/lib/dpkg/status, orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa inayotunzwa na dpkg, chombo ambacho apt hukitumia. Mtumiaji akisakinisha kifurushi kimoja kidogo tu, dpkg huandika upya faili hiyo, na kuanzia hapo nakala nzima inakaa tabaka la juu. Baadaye unatoa squashfs mpya yenye libc6 (maktaba ya msingi ya C) mpya. Faili za /usr zinabadilika, lakini orodha inayosomwa ni ile ya zamani, na apt inapiga hesabu za utegemezi kwa daftari lisilolingana na faili zilizopo. Thibitisha hivi: endesha `dpkg-query -W libc6`, kisha `dpkg-query --admindir=/mnt/chini/var/lib/dpkg -W libc6`. Matoleo yakitofautiana, kuhariri vyanzo hakutakusaidia kitu.

Kufuta status ya juu peke yake si dawa: utapoteza kumbukumbu ya vilivyoongezwa, na kuchezea upperdir wakati overlayfs imepachikwa kunaleta matokeo yasiyotabirika. Msimamo wangu ni mkali kidogo. Kama unasasisha kwa kubadilisha imeji nzima, ama apt isiguswe kwenye kifaa, ama tabaka la juu lisafishwe kila imeji mpya inapoingia, huku orodha ya `apt-mark showmanual` (vifurushi vilivyosakinishwa kwa makusudi) ikiwa imehifadhiwa pembeni ili usakinishe upya. Njia ya katikati inaonekana kufanya kazi hadi sasisho la pili.

Faili iliyopo kwenye squashfs lakini haionekani? Itafute ndani ya upperdir kwa `ls -l`: mstari unaoanza na c wenye namba 0, 0 ni alama ya kufutwa. Saraka nzima nayo huweza kufunikwa kwa sifa ya trusted.overlay.opaque. Ukinakili tabaka la juu kwa rsync bila -X, sifa hiyo inapotea na faili zilizofichwa zinafufuka.

Hapo ndipo vyanzo vinapata zamu yao, na hata humo matabaka hayakosekani: sources.list ya juu bado inataja bookworm (Debian 12) wakati imeji mpya ni trixie (Debian 13). `apt-cache policy` hulifichua hilo mara moja. Kifurushi kikikosa toleo lolote, angalia kama /var/lib/apt/lists, zinakokaa orodha zilizopakuliwa, ilifutwa kupunguza ukubwa wa imeji. Kuendesha `apt-get update` kunatosha. Ukiambiwa faili ya Release (muhtasari wa chanzo wenye saini na tarehe) bado haijaanza kuwa halali, rekebisha saa, hasa kwenye bodi isiyo na betri ya saa. Na NO_PUBKEY, kosa la kukosa ufunguo wa kuhakiki saini? Hakikisha ufunguo unaotajwa na Signed-By kwenye faili ya vyanzo uliingia kweli kwenye imeji.