Tanga 1914: mizinga ambayo haikuwepo

Ukikaa barazani na wapenzi wa historia hapa Tanga, vita vya Novemba 1914, vya Wajerumani na Waingereza, vina shujaa mmoja na mwoga mmoja. Shujaa ni Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliyewarudisha baharini askari wapatao 8,000 wa Jenerali Aitken wa Uingereza akiwa na watu kama 1,000. Mwoga ni Heinrich Schnee, gavana wa Kijerumani, aliyetaka miji ya pwani iachwe wazi, bila ngome wala mizinga. Hoja inayofuata huwa ni ile ile: ghuba nzuri namna ile, na rasi ya Raskazone imeinuka mlangoni kama mlinzi, nani mwenye akili asingepanga mizinga pale?

Siifanyii mzaha hoja hiyo. HMS Fox ya Waingereza ilikuwa manowari kuukuu ya miaka ya 1890, na mizinga mikubwa juu ya mwinuko ingeitia kiwewe. Mapatano ya kutoshambuliana yaliyofanywa Agosti kati ya upande wa Schnee na wanamaji wa Uingereza, Lettow hakuyaamini, na alikuwa sahihi: serikali ya Waingereza iliyakana. Tena lau angemsikiliza Schnee, Tanga ingesalimu amri siku ile ile.

Ila tuhesabu saa.

Novemba 2 asubuhi Fox iliingia peke yake. Kapteni wake, Caulfeild, akiona haya kuvunja mapatano kimyakimya, alimwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamwambia yamekwisha na kumpa saa moja asalimu amri. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Auracher alirudi mjini, akavaa sare zake za kijeshi, akapeleka habari kwa simu ya waya. Mabomu hayakuwemo, lakini hofu ya mabomu ilitosha: Waingereza wakaanza kuyafagia maji, na askari wao wakashushwa usiku huko Raskazone, nje ya bandari, penye mikoko na matope. Lettow akawa anapakia watu kwenye treni kule Moshi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, na siku hiyo ndiyo vita vikaamuliwa.

Zile saa zilizompa Lettow nafasi ya kufika nimezirudia mara nyingi. Zilitoka wapi? Mkataba wa Hague wa 1907 ulikataza manowari kupiga bandari isiyolindwa. Mji wenye mizinga hauna ngao hiyo: Caulfeild asingekuwa na sababu ya kubisha hodi, angefyatua kutoka mbali. Karatasi ya mapatano ya Schnee, pamoja na mabomu ya kufikirika, zilifanya kazi ya mizinga, na bila kumwagika damu ya mwenyeji hata mmoja siku ile ya kwanza. Dar es Salaam, palipokuwa na mnara wa simu ya upepo, ilipigwa tangu Agosti 8.

(Mizinga tuliyokuwa nayo ni ya nyuki. Ilitundikwa mitini, risasi zikaichokoza, na nyuki wakatoka kuwauma watu wa pande zote mbili. Waingereza wengine waliamini ni mtego wa Wajerumani. Tarehe 5 wakapanda meli: waja leo, waondoka leo.)

Simfanyi Schnee kuwa mtu wa huruma. Alikuwa gavana wa kikoloni, aliogopa mali za walowezi ziharibike na Maji Maji nyingine izuke. Lakini hofu ya kujitakia mema inaweza kumfaa na jirani, na jirani hapa ni watu wa Tanga, ambao vita vile havikuwa vyao kwa upande wowote.

Na wanaoitamani mizinga waitazame ilipopatikana kweli. Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa kwenye delta ya Rufiji. Mizinga yake 10, ya milimita 105, ikaopolewa na kutengenezewa magurudumu Dar es Salaam. Ilizunguka nchi nzima na vita, mmoja hata ukapanda meli ya Graf von Götzen Ziwa Tanganyika, mwingine leo uko Fort Jesus, Mombasa. Palipokosekana reli, ilivutwa kwa kamba na mamia ya wapagazi, matopeni, milimani, wakiwa na njaa. Tanga yenyewe ilitwaliwa Julai 1916, kutoka upande wa nchi kavu, ambako mizinga ya Raskazone isingekuwa imeelekezwa.

Sasa niambie, ile ya Raskazone ingepandishwa na nani?