Nani Ana Mamlaka ya Kusema "Tugeuke"?

Kampuni zinazopandisha watu milima mirefu huuza kilele. Fungua matangazo yao utaona mtu amenyanyua mikono juu, jua linachomoza mgongoni kwake, na pembeni maneno kuhusu kutimiza ndoto. Sijaona tangazo lenye picha ya mteja akishushwa saa nane za usiku, kashikwa mkono, kilele hajakiona. Kwa maoni yangu huyo anayeshushwa ndiye ushahidi kwamba kampuni inajua kazi yake. Hatari kubwa kuliko zote katika upandaji wa kulipia ni kwamba mtu anayetakiwa kusema "tugeuke" analipwa na mtu asiyetaka kugeuka.

Sisemi kwamba barafu, upepo na mawe yanayoporomoka ni mambo madogo. Hayo yanamkuta kila anayepanda, awe na mwongozaji au hana. Nazungumzia hatari ambayo mlima hauna. Tunaupelekea sisi, pamoja na ratiba na risiti.

Tuanze na mwili, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Juu mlimani sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni asilimia 21 ileile. Kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kwenye Everest, mita 8,849, ni kama theluthi moja. Mwili unaweza kuzoea kwa kiasi fulani, lakini unadai siku, na siku hizo hazifidiwi na mazoezi ya mbio wala na kifua kipana. Ushauri wa madaktari wa milimani unajulikana: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima.

Sasa weka ushauri huo kando ya ratiba ya siku tano ya njia ya Marangu, mojawapo ya njia za kupanda Kilimanjaro. Usiku wa kwanza unalala kambi ya Mandara, karibu mita 2,700. Wa pili Horombo, karibu 3,700. Wa tatu uko Kibo, karibu 4,700, na hata hulali sawasawa, kwa sababu usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Ni kama mita elfu moja kila usiku. Mwongozaji anakwambia "pole pole" kila hatua, na anasema kweli, ila ratiba aliyokabidhiwa ofisini inakimbia. Siku hazikatwi kwa bahati mbaya. Kila siku ya ziada ni ada ya hifadhi, ni chakula, ni ujira wa kikosi kizima, na mteja anayelinganisha bei huchagua safari fupi bila kujua kwamba alichopunguza ni muda wa damu na mapafu yake kujipanga.

Baya zaidi, ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu aliyepanda haraka kuliko mwili unavyozoea, unapofika kwenye ubongo huanza kula busara ya mgonjwa. Waongozaji wana kipimo rahisi sana. Wanamwambia mtu atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama hatua kumi hivi. Mzima huweza. Mwenye uvimbe wa ubongo huyumba, hukanyaga nje, huinua mikono kutafuta mizani, kisha hukwambia kwamba yuko sawa kabisa, ardhi tu haikuwa tambarare. Anaamini anachosema. Mwenye maji kwenye mapafu naye atakwambia ni kikohozi cha vumbi, huku akihema hata akiwa amekaa. Hapo kinachotibu hasa ni kushuka, tena mapema. Dawa kama deksamethasoni, ya kupunguza uvimbe, inaweza kumpa nguvu ya kuteremka, lakini mtu akiimeza ili aendelee kupanda anaficha dalili tu, na ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Ndiyo maana sikubaliani na hoja ninayoisikia kila mara, kwamba mteja ni mtu mzima, amelipa, basi aachiwe uamuzi wake. Aliyesaini mkataba alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu akiwa chini. Aliyeko kwenye mteremko wa kifusi saa kumi alfajiri, anayejibu maswali nusu nusu, si mtu wa kuachiwa uamuzi wa kufa au kupona. Tena hayuko peke yake. Akianguka, kuna watu watakaolazimika kumbeba, na hao hawakusaini kufa kwa ajili ya picha yake.

Mwezi Mei 1996 jambo hili lilionekana mbele ya dunia nzima. Rob Hall wa New Zealand alikuwa miongoni mwa waongozaji walioheshimika mno pale Everest, na alikuwa na kanuni yake: saa nane mchana ikifika, popote ulipo, unageuka. Mmoja wa wateja wake alikuwa amerudishwa mwaka uliotangulia akiwa karibu kabisa na kilele, na Hall mwenyewe alimshawishi arudi kujaribu tena. Tarehe 10 Mei mteja huyo alifika juu baada ya saa kumi jioni. Hall alimsubiri. Dhoruba ikawakuta huko, na wote wawili hawakurudi. Watu 8 walikufa katika tukio hilo, pande zote mbili za mlima, akiwemo Scott Fischer, aliyeongoza kundi jingine la wateja siku hiyohiyo. Hawa hawakuwa wababaishaji. Hall alikuwa ameshafika kileleni mara nne kabla ya safari ile, na kanuni aliijua kuliko mtu yeyote kwa sababu ni yake. Siwezi kuingia moyoni mwake, lakini naona wazi uzito uliokuwa mabegani: mtu amelipa mara mbili, amerudishwa mara moja, na kilele kile pale, kinaonekana. Kama mwongozaji wa kiwango hicho alishindwa kuishika saa yake, tunamtarajia nini kijana ambaye sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi ya mteja siku ya mwisho?

Watasema teknolojia imeondoa hofu hiyo. Mitungi ya oksijeni ni mingi, utabiri wa hali ya hewa ni bora, kamba zinafungwa hadi kileleni. Ni kweli, na zimeokoa wengi. Lakini mtungi una mwisho, na mtu ambaye asingeweza kufika mita 8,500 bila mtungi hawezi kukaa hapo ukiisha. Mwaka 2019 Nepal ilitoa vibali 381 kwa msimu wa Everest, siku za hali nzuri zikawa chache, na picha ya foleni ya watu waliobanana kwenye ukingo wa mlima ikazunguka duniani. Watu 11 walikufa msimu ule. Kwenye foleni ya namna hiyo hata mwongozaji mwenye msimamo anabanwa: mbele kuna watu, nyuma kuna watu, kamba ni moja, na oksijeni inaendelea kutoka.

Halafu kuna wale ambao matangazo hayawataji kabisa. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka kwenye Khumbu, eneo la barafu iliyopasukapasuka ambalo misafara hulivuka chini ya Everest, ikaua wafanyakazi 16 wa Nepal. Walikuwa kazini, wakitengeneza njia na kupeleka mizigo juu kwa ajili ya misafara. Mteja hupita eneo lile mara chache; wao hupita tena na tena msimu mzima, maana hema la mteja, chakula chake na mitungi yake haviendi juu vyenyewe. Tukisema mteja amechagua hatari yake mwenyewe, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya hatari hiyo amemkabidhi mtu mwingine aibebe mgongoni.

Julai 2023, kule K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mpagazi Mpakistani alianguka kwenye sehemu nyembamba iitwayo Bottleneck, juu ya mita 8,000. Wapo waliojaribu kumsaidia. Lakini makumi ya watu walimpita wakielekea kileleni, na akafia pale. Taarifa za baadaye zilieleza kwamba hakuwa na mavazi ya kutosha kwa mwinuko ule. Hilo ndilo lililonikaa zaidi, kuliko hata wale waliompita. Kabla ya kuanguka alishapelekwa mita 8,000 akiwa amevaa pungufu kuliko watu aliokuwa anawahudumia, na hakurudishwa kambini.

Sitaki milima ifungwe. Familia nyingi zinakula kwa kazi hii, na kupanda mlima mrefu ni jambo zuri sana kwa anayelifanya kwa adabu. Ninachotaka ni mamlaka ya kugeuza watu yatoke kwenye maelewano ya usiku ule na yaingie kwenye mkataba, kwa maandishi, kabla ya fedha kutolewa. Saa ya kugeuka iandikwe. Iandikwe kwamba neno la mwongozaji ni la mwisho, kwamba ujira wake ni uleule mteja akifika au asipofika, na kwamba kampuni haitamnyima safari nyingine kwa sababu ya mteja aliyenuna. Hifadhi na serikali zinazotoa vibali zina uwezo wa kulazimisha hayo. Kama zinaweza kukagua mzigo wa mpagazi kwenye mizani getini, zinaweza kukagua na ratiba.

Nawe unayepanga kwenda, usiulize kwanza asilimia ya wateja wanaofika kileleni. Kampuni nyingi hujisifia namba hiyo, na ndiyo inayomsukuma mwongozaji asikugeuze. Uliza walimgeuza nani msimu uliopita, na kwa nini. Uliza utalala mita ngapi kila usiku. Uliza pia mpagazi akiugua usiku wa kwenda juu nani anamshusha, na kama ujira wa siku zilizobaki analipwa. Mwenye kampuni akianza kubabaika kwenye swali hilo la mwisho, usimpe fedha yako.