Sponji au benchi tupu: viti vya hospitali zetu vinavyokula klorini

Anayenunua viti vya hospitali huuliza kwanza: kitambaa hiki kitadumu? Muuzaji jibu analo mkononi. Kimesuguliwa kwenye mashine mara laki moja na hakijachanika. Kipimo hicho kipo kweli, na kwa kochi la hoteli ya Nungwi kina maana yake. Lakini kiti cha hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Zanzibar, au cha hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, kinasuguliwa na makalio na juu yake kinapigwa dawa kila siku, na hiyo dawa ndiyo inayokimaliza. Mashine ya kusugua haijui klorini.

Na klorini hatuwezi kuikwepa. Visiwa hivi vimeonja kipindupindu mara nyingi, mlipuko wa 2015 na 2016 bado watu wanaukumbuka, na dawa ya bei rahisi ni hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza asilimia 0.1 kwa sehemu za kawaida na 0.5 palipomwagika damu nyingi au uchafu wa mwili. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 6 za maji ndiyo hiyo 0.5. Kwenye karatasi ni hesabu nyepesi. Kwenye ndoo watu hukisia kwa jicho, na anayeogopa maradhi huzidisha. Kisha kiti hakifutwi kwa maji safi, dawa inakaukia pale pale.

Sasa tuchague nini? Kitambaa cha kufumwa tukiweke kando, kinanyonya kila kitu. Zinabaki ngozi za bandia za aina mbili, zote za plastiki. Ya PVC inaihimili klorini vizuri kiasi, bei yake nafuu, na fundi yeyote wa makochi anaijua. Ubaya wake, yale mafuta yanayoilainisha hutoka kidogo kidogo, na spiriti huharakisha. Inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Ya poliurethani ni laini zaidi na haigandi sana mwilini. Ila aina nyingi za bei ya chini huvunjwavunjwa na unyevu na joto, vitu ambavyo sisi havitupungukii. Angalia makochi ya namna hiyo majumbani: yanabanduka magamba sebuleni, na hakuna aliyewahi kuyapaka klorini. Zipo aina imara zinazostahimili unyevu, lakini kwa macho huzitambui na muuzaji wa kontena hana haja ya kukueleza.

Mimi nawaunga mkono wanaosema PVC, kwa sharti kwamba tujue inapoharibikia. Kiti kilichochoka kikague ukingo wa mbele, pale goti linapokunjia, na kwenye mshono. Bonyeza ufa kwa dole gumba mara baada ya kiti kufutwa: maji yanachuruzika kutoka ndani ya sponji. Maji hayo yaliingia na vyote vilivyokuwa juu, na hakuna kitambaa wala dawa itakayovifuata humo. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hatari hiyo hiyo kwenye magodoro ya hospitali yenye mifuko iliyochakaa. Kubandika plasta juu ya ufa, jambo ambalo watu hulifanya kwa nia njema, ni kuongeza gundi inayoshika uchafu.

Ndiyo maana wapo wanaosema sponji itoke kabisa, tukae kwenye plastiki ngumu, chuma au baraza ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Chuma kwa hewa ya chumvi na klorini hupata kutu, hilo halina mjadala mrefu. Hoja yenyewe lakini ni nzito: kisicho na mshono hakina pa kuficha. Wanaoipinga nao wana lao. Mama mwenye mimba ya miezi minane akisubiri kliniki tangu asubuhi hutandika kanga yake chini. Jioni kanga ile ile anamfunikia mtoto. Ugumu wa kiti umeyahamisha maradhi kutoka hospitali hadi chumbani, na hilo halimo kwenye mwongozo wowote wa usafi ninaoujua.

Kwa mizani yangu, sehemu ya kusubiri iwe na viti vigumu, vyenye umbo la mgongo na sio benchi bapa, na vichache vya sponji kwa wajawazito na wazee. Sponji hasa iende kwa asiyeweza kuinuka. Mgonjwa wa figo hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu kama saa 4 kwa wakati mmoja, mara 3 kwa wiki. Kumkalisha kwenye plastiki tupu ni kumtafutia vidonda. Kiti chake kiwe na mfuko unaovuliwa, mishono iliyochomwa kwa joto badala ya uzi, na mfuko wa akiba stoo.

Mfuko wa akiba ndio unaosahauliwa. Viti vipya huja na mradi, vikapigwa picha na viongozi. Ngozi ya kuvivalisha upya hutakiwa itoke kwenye matumizi ya kila mwezi, ambako inagombana na glavu na mafuta ya jenereta, na glavu hushinda. Zabuni ingedai tangu mwanzo mita kadhaa za ngozi ya ziada kwa kila kundi la viti, fundi wa Chake Chake angemaliza kazi hiyo kwa siku moja. Bei ya ununuzi itapanda kidogo, na wakaguzi watauliza kwa nini.