Kaskazini Haikuwa Mbali, Ilifungwa

Mara ya kwanza nilipofika Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mama aliyenimiminia chai aliniuliza, "Mwanangu, umetoka Kenya lini?" Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe huko ni usemi wa kawaida: anayesafiri kwenda Nairobi anaambiwa anaenda Kenya. Wanasema bila mzaha, na ukiijua historia yao utaona hawajakosea sana.

Sisi wa kusini tumezoea kusema kaskazini ni mbali. Mbali na wapi? Mandera iko pale zinapokutana Kenya, Ethiopia na Somalia. Moyale ni mji mmoja uliokatwa na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kwa mfugaji anayefuata mvua, au mchuuzi wa ngamia, pale ndipo katikati ya dunia yake. Aliyekaa Nairobi ndiye aliyeamua kwamba pale ni ukingoni.

Tena kulikuwa na kufuli. Sheria ya 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na mwaka 1926 wilaya ya mpaka wa kaskazini, ile wazee wanayoiita NFD, ikatangazwa kuwa eneo lililofungwa. Mwaka 1934 mambo yakakazwa zaidi: huingii wala hutoki bila kibali, na kabila zima liliweza kuadhibiwa kwa kosa la wachache. Waingereza walitaka uwanja mtupu kati ya Ethiopia na mashamba ya walowezi. Shule, hospitali na barabara za kuujaza uwanja huo hazikuwa sehemu ya mpango. Walipotaka kumficha mtu, walimpeleka kaskazini. Jomo Kenyatta mwenyewe alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar.

Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma zaidi. Mtu aliyeijua kaskazini kama gereza alipata nchi mkononi, na kufuli likabaki mlangoni.

Mwaka 1962 tume ya Waingereza iliwauliza wakazi wanataka nini, na Wasomali wengi mno wakajibu kwamba wanataka kuungana na Somalia. London ikapuuza jibu ililoliomba yenyewe. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Hajji Galma Dido. Uhuru ukaja Desemba 12, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kaskazini. Wenzao wa kusini walikuwa bado wanacheza ngoma.

Shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini iungane na Somalia, waliua raia, hilo silifichi. Lakini dola nayo iliwatendea wananchi wake kama adui. Familia zilikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, na wafugaji waliozuiwa kuhama wakawatazama wanyama wao wakifa. Wengine mifugo yao ilipigwa risasi. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi hicho gaafa daaba, wakati mambo yaliposimama. Mtu aliyekuwa na ngamia mia akawa anapanga foleni ya posho. Sijui msamiati wa kitabu gani cha shule ungeweza kulibeba jambo hilo. Mimi nilifundishwa neno moja tu, "shifta", tukafungua ukurasa unaofuata.

Kenya na Somalia zilipatana Arusha mwezi Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Hata hivyo sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991, na sheria ya 1970 ikawakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati wa vita. Ndani ya miaka hiyo ndipo yakatokea mauaji ya Wagalla, Februari 1984, wanaume wa Kidegodia, ukoo wa Wasomali, walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege karibu na Wajir, wakavuliwa nguo, wakaachwa juani bila maji, wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia idadi ya 57. Tume ya ukweli, iliyotoa ripoti yake 2013, ilisema huenda walikaribia elfu moja.

Leo lami inafika Moyale, na safari tuliyopiga juu ya lori, miguu imebanwa katikati ya magunia, inamalizika kwa siku moja. Naifurahia barabara hiyo kwa moyo wote. Ila nikisikia kiongozi akiisifu kama zawadi kwa watu wa kaskazini, namkumbuka yule mama na birika lake. Lami ile ilikuwa haki yake, na ilichelewa zaidi ya miaka hamsini.